Laptopu ya baba, gemu la mtoto, na mlinzi aliyekuja nalo

Jumatatu moja asubuhi mzee mmoja aliingia ofisini kwetu Majengo, hapa Dodoma, amekumbatia laptopu kama mtu aliyebeba mgonjwa. Ni mhasibu. Mishahara ya watu arobaini na kitu imo humo. Baada ya shikamoo na marahaba akaiweka mezani, akaiwasha, akangoja, kisha akanionyesha kwa kidole pembe ya chini kulia, pale penye saa. Palikuwa na kialama kidogo ambacho yeye hakukiweka.

"Fundi, nimedukuliwa," akasema. "Niambie tu ukweli, nimeibiwa kiasi gani?"

Hakuwa amedukuliwa. Mwanawe, aliyemaliza kidato cha sita na anasubiri kuingia chuo, alikuwa amepakua gemu la kupigana risasi timu kwa timu, na gemu lile haliji peke yake. Linakuja na programu ya kuzuia udanganyifu, ile ambayo vijana wenyewe wanaiita antichiti. Kompyuta ikiwashwa tu, kabla mzee hajaandika hata nywila, antichiti imeshaamka. Iko macho anapokokotoa PAYE, iko macho anapoingia benki kwa mtandao, iko macho hata kama gemu halijafunguliwa wiki nzima.

Nilimweleza hivyo. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Sasa hiyo ruhusa aliitoa nani?"

Swali hilo nimelizungusha kichwani tangu siku ile. Ubishi kuhusu antichiti na faragha huko duniani ni mkali na ni wa siku nyingi, lakini karibu wote unamchukulia mchezaji kuwa mtu mmoja mwenye kompyuta yake, anayeamua mambo yake. Kwetu kompyuta ni kama sufuria kubwa ya nyumbani: kila mtu ana haja nayo, na anayeiosha hajulikani.

Tuanze na hoja za waliomtengeneza mlinzi huyu, maana wanazo, tena za maana.

Programu ndani ya kompyuta hazina cheo kimoja. Nyingi zinaishi chini: kivinjari, Word, kicheza muziki, na gemu lenyewe. Zikitaka kusoma diski au kugusa kumbukumbu, zinaomba. Anayeombwa ni kiini cha mfumo endeshi, yaani kerneli, na humo wanaishi pia madraiva, zile programu ndogo zinazoongoza kadi ya picha, spika na kibodi. Aliye kwenye kerneli haombi mtu.

Sasa mfikirie anayechiti. Gemu la risasi lazima lijue adui amesimama wapi ili liweze kumchora atakapojitokeza. Taarifa hiyo imo kwenye kumbukumbu ya kompyuta yako hata kama adui bado yuko nyuma ya ukuta. Programu ya kuchiti inaisoma, inakuchorea adui juu ya ukuta kama ukuta ni kioo, na nyingine inakulengea kabisa, wewe unabonyeza tu. Zamani antichiti ziliishi chini pamoja na gemu, zikizunguka kuuliza: kuna programu ngeni inayosoma kumbukumbu hii? Wauza chiti wakaona njia. Wakazitengeneza chiti zao kama madraiva, zikapanda kwenye kerneli. Kuanzia hapo antichiti ya chini ikiuliza, anayejibu ni mdanganyifu mwenyewe. Ni sawa na mgambo kwenda kumsaka mwizi mahali ambapo kitabu cha wageni ameshika mwizi.

Ndiyo maana walinzi nao wakapanda. Easy Anti-Cheat na BattlEye, ambazo zinalinda magemu mengi, zinatumia madraiva ya kerneli. Riot Games ya Los Angeles ilipotoa Valorant mwezi Juni 2020 ikaongeza hatua moja iliyozua kelele: mlinzi wake, Vanguard, anaanza na kompyuta, hasubiri gemu. Sababu yao inaeleweka. Kwenye kerneli aliyetangulia ndiye anayeweza kumkagua anayefuata, na aliyechelewa anaonyeshwa kile tu mwenyeji anachotaka akione. Mwaka 2024 Vanguard ikapelekwa pia kwenye League of Legends, gemu la mwaka 2009 lenye mamilioni ya watu waliokuwa wamelizoea bila mlinzi wa namna hiyo.

Na anayepambana nao si mtoto mtundu wa mtaani. Mwaka 2021 polisi wa China wakishirikiana na kampuni ya Tencent walivunja mtandao wa wauza chiti, wakakamata mali za thamani ya dola milioni 46 hivi, magari ya kifahari yakiwemo. Chiti zinauzwa kwa siku, kwa wiki na kwa mwezi, kama bando. Zina huduma kwa wateja. Zina masasisho.

Mtu ambaye hajawahi kucheza anaweza kusema, gemu ni gemu tu, wacha wadanganyane. Mimi nilikuwepo usiku mmoja kwenye chumba cha kompyuta, njia ya kwenda UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, vijana wamechanga Sh 2,000 kila mmoja, wanacheza Counter-Strike ya zamani, kompyuta sita zimeungwa kwa waya, hakuna intaneti wala antichiti. Kijana mmoja alikuja na flashi yake. Mechi tatu akashinda kwa kishindo. Ya nne, mwenzake alijificha nyuma ya makreti, ametulia, hapigi hatua, hapigi risasi. Yule kijana akapita kona, akageuka moja kwa moja kuelekea kwenye makreti, akafyatua kupitia mbao. Chumba kikanyamaza. Mtu mmoja akainuka, akaenda kwenye kompyuta ya yule kijana, akachomoa flashi, akainyanyua juu. Sitasimulia kilichofuata. Mwenye chumba aliniambia kwamba karibu mwezi mzima hakupata mashindano ya kuchanga, kwa sababu kila aliyefungwa alisema kafungwa kwa flashi. Udanganyifu haumwibii mshindani mmoja peke yake. Kila ushindi wa halali nao unaanza kutiliwa shaka.

Kwa hiyo mchezaji anayetaka antichiti kali ana sababu zake. Wengi wao wanaijua bei, na wako tayari kuilipa.

Hapa sasa nataka niwaudhi kidogo wenzangu wa upande wa faragha, upande ambao kwa kweli ndio wangu. Kelele nyingi kuhusu kerneli zinalenga pasipo. Watu wanaamini kwamba programu ikiwa kwenye kerneli ndipo inaweza kusoma mafaili yao, na ikiwa chini haiwezi. Si kweli. Programu yoyote ya kawaida unayoiendesha kwenye akaunti yako inaweza kufungua karibu kila faili unaloweza kulifungua wewe: picha, barua, hesabu, hata historia ya kivinjari. Mwizi wa picha zako hahitaji kupanda kwenye kerneli. Mwaka 2005, mlinzi wa gemu la World of Warcraft aitwaye Warden alikutwa akisoma vichwa vya madirisha yaliyofunguliwa kwenye kompyuta, ukiwa unasoma barua pepe basi na kichwa chake. Hakuwa kwenye kerneli. Mwaka 2014, VAC, antichiti ya Valve, kampuni yenye duka la magemu la Steam, ambayo nayo inaishi chini, ilibainika kuwa inaangalia orodha ya majina ya tovuti ambayo kompyuta imeyatafuta karibuni. Gabe Newell, mkuu wa Valve, alijitokeza mwenyewe kueleza: walikuwa wanasaka seva ambazo chiti za kulipia zinawasiliana nazo kuhakiki malipo, ukaguzi uliwagusa wachezaji wachache sana, na 570 walikuwa njiani kufungiwa. Maelezo yake yalikuwa na mantiki. Ila watu walikuja kujua baada ya wengine kuichambua programu, hawakuambiwa kabla.

Kwa hiyo faragha yako haikusubiri kerneli. Ilianza kutegemea hisani ya mwenye gemu siku uliyoweka gemu.

Kerneli inaongeza tatizo la namna nyingine, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi mimi kama fundi. Mlinzi wa chini akifanya kosa, anaanguka yeye. Mlinzi wa kerneli akifanya kosa, nyumba nzima inaanguka, au mlango unabaki wazi kwa kila mpita njia.

Mifano ipo. Septemba 2016 Capcom ilitoa sasisho la Street Fighter V lenye draiva ya kuzuia udanganyifu. Draiva ile ilizima kinga moja muhimu ya prosesa na kuruhusu programu yoyote iliyo chini iendeshe maagizo yake kwa mamlaka ya kerneli. Yaani mlinzi alikuja na funguo akaziacha zinaning'inia kitasani. Kampuni ililiondoa sasisho ndani ya muda mfupi.

Kisa cha mwaka 2022 ni kibaya zaidi kwa maoni yangu, na kinamhusu hata mtu ambaye hajawahi kugusa gemu. Genshin Impact, gemu maarufu kutoka China, lilikuwa na draiva ya antichiti iitwayo mhyprot2. Kampuni ya usalama ya Trend Micro ilieleza Agosti mwaka huo jinsi wahalifu wa virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia walivyoichukua draiva hiyo, wakaingia nayo wenyewe kwenye kompyuta za waathirika, wakaitumia kuua antivirusi, kisha wakafunga mafaili. Gemu lenyewe halikuwepo kwenye kompyuta hizo. Draiva ilikuwa na sahihi halali, Windows ikaiheshimu kama mgeni mwenye kitambulisho. Mlinzi aliyeajiriwa kulinda gemu la kuokota maua na kupigana na mazimwi aligeuzwa kuwa bunduki ya kuvamia ofisi za watu wengine.

Halafu kuna 19 Julai 2024. Haikuwa antichiti, ilikuwa programu ya usalama ya CrowdStrike, lakini nayo inaishi kwenye kerneli. Sasisho moja bovu, na kompyuta milioni 8.5 za Windows, kwa hesabu ya Microsoft, zikagoma kuwaka. Viwanja vya ndege vikaandika tiketi kwa mkono. Kampuni ile kazi yake yote ni usalama. Kampuni ya gemu kazi yake ni gemu.

Na kuna binadamu. Mwaka 2013 iligundulika kwamba programu ya ligi ya Marekani ya ESEA, ambayo wachezaji waliiweka ili kuthibitisha kwamba hawadanganyi, ilikuwa inachimba Bitcoin kwenye kompyuta zao. Kompyuta 14,000 hivi. Kilichopatikana kilikuwa kama dola 3,700 tu, pesa ya aibu ukilinganisha na umeme na kadi za picha zilizochemka, na mwisho wake ukawa makubaliano ya faini ya dola milioni 1 na mwanasheria mkuu wa New Jersey. Kisa hiki nakirudia kila mtu anaponiambia "kampuni kubwa haiwezi kuharibu jina lake". Kampuni haiwezi, sawa. Mfanyakazi mmoja mwenye funguo anaweza.

Kwa haki, Riot wamejitahidi kuliko wengi. Walieleza waziwazi kwa nini Vanguard inaanza mapema, waliruhusu mtu aizime, isipokuwa akitaka kucheza itabidi awashe kompyuta upya, na waliweka zawadi ya hadi dola 100,000 kwa atakayeonyesha tundu. Watafiti ambao wangejipatia jina kubwa kwa kumkamata Vanguard anaiba wamekuwa wakimchungulia tangu 2020. Wanaotaja kwamba Riot ni mali ya Tencent, kampuni ya Shenzhen, China, wanasema kweli: Tencent ilinunua hisa nyingi mwaka 2011 na zilizobaki mwaka 2015. Ina pia sehemu ya Epic Games, wenye Easy Anti-Cheat. Hofu hiyo ya China naisikia sana kutoka Marekani. Mimi nikiwa Dodoma, Shenzhen na California zote naziona ziko mbali sawasawa, na hakuna hata moja ambayo ningeweza kuipigia simu.

Turudi kwa mzee na swali lake.

Aliyebonyeza "Nakubali" ni mwanawe. Masharti yalikuwa ya Kiingereza, marefu kama mkataba wa nyumba, na kijana alikuwa na haraka kwa sababu bando la usiku linaisha saa kumi na mbili asubuhi. Kwa mbofyo ule hakujikubalia yeye peke yake. Alimkubalia baba yake, na akawakubalia wafanyakazi arobaini na kitu ambao majina yao, akaunti zao za benki, makato yao na mikopo yao imo kwenye mafaili yale. Hao hata hawajui kwamba kijana huyo yupo duniani.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Bunge liliipitisha hapa hapa Dodoma mwaka 2022, ikaanza kutumika 1 Mei 2023, na ina Tume yake. Inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali lililotajwa, kwa kiasi kinachohitajika, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Katiba nayo, Ibara ya 16, inalinda maisha binafsi na mawasiliano ya mtu. Ukiisoma sheria ile ukiwa na laptopu ya mzee mbele yako unaona jambo ambalo kwenye ubishi wa wachezaji halitajwi: wa kwanza kuulizwa asingekuwa mwenye gemu huko ng'ambo. Angekuwa mwajiri wa mzee, aliyemwachia mhasibu abebe mishahara ya watu kwenye laptopu inayolala sebuleni. Hata kama antichiti ni safi kama maji ya chemchemi, mashine ya mishahara haikupaswa kuwa na programu hata moja ambayo mwenye mishahara hakuichagua.

Hapo mtetezi wa antichiti atasema, basi tatizo ni lenu, si la mlinzi. Kwa nusu yuko sahihi. Nimefungua mamia ya kompyuta mjini hapa, na sijawahi kuona unafiki mtamu kama wa kijana anayelalamika kwamba antichiti inampeleleza, wakati Windows yake imefunguliwa bila kulipiwa, kwa kiamshi cha magendo ambacho, ili kifanye kazi, alizima kwanza antivirusi kwa mkono wake mwenyewe. Gemu la kukrak, yaani lililovunjwa kufuli lisilipiwe, analopakua usiku limepita mikononi mwa watu asiowajua. Chiti anayoinunua ili kumkwepa mlinzi ni draiva ya kerneli iliyoandikwa na mtu ambaye biashara yake ni kudanganya. Kati ya wageni wote waliomo kwenye kompyuta ile, antichiti huenda ndiyo pekee yenye anwani inayojulikana.

Lakini nusu nyingine haijajibiwa. Walinzi hawa wametengenezwa kwa kudhani kwamba mashine moja ni mtu mmoja. Wakimkamata anayechiti, wengine hawafungii akaunti tu, wanafungia kompyuta yenyewe kwa alama za vifaa vyake: ubao mama, diski, kadi ya mtandao. Kwa mtu mwenye kompyuta yake hiyo ni adhabu sawa. Kwenye chumba chenye mashine sita na wateja sitini, anachiti mmoja, mashine inafungwa kwa wote. Nimeshughulikia kompyuta ya mtumba iliyotoka Dar, kijana kaidundulizia hela miezi minane, siku ya kwanza kafungua akaunti mpya kwenye gemu moja na siku hiyo hiyo kafungiwa. Dhambi ya mwenye mashine wa kwanza, huko ilikotoka kabla ya kupakiwa kwenye kontena, ilikuwa imesafiri nayo. Aliandika malalamiko, akajibiwa na mashine kwamba uamuzi ni wa mwisho. Alama za vifaa hivyo ni taarifa binafsi au si taarifa binafsi? Kwa mtu ambaye zimemfuata kama jina la ukoo, mimi nasema ni taarifa zake.

Kwenye simu, ambako vijana wengi zaidi wanachezea, jambo hili ni jepesi zaidi. Android inaifungia kila programu kwenye chumba chake na gemu haliwezi kupanda kwenye kerneli. Linakuomba ruhusa ya maikrofoni au picha, unaweza kukataa.

Kwenye kompyuta walinzi hawafanani, na tofauti ina maana. Kampuni ya EA walipoleta antichiti yao ya kerneli na gemu la mpira la FIFA 23, Septemba 2022, ilisumbua, watu walishindwa kufungua gemu siku za mwanzo. Lakini kampuni inasema mlinzi huyo anafanya kazi gemu likiwa wazi tu, ukifunga naye anazimika. Kwangu huo ni mpaka unaokubalika: umeingia uwanjani, ukaguliwe, umetoka, niachie. Mlinzi anayeamka na kompyuta ananizidi. Najua hoja yao ya kutangulia, nimeieleza mwenyewe hapo juu, na bado nasema hapana, kwa sababu hata huko kwenye kerneli hawajashinda. Sasa kuna chiti za vifaa: kadi inachomekwa kwenye kompyuta ya gemu, inasoma kumbukumbu moja kwa moja na kuipeleka kwenye kompyuta ya pili, ambako hakuna mlinzi. Jibu la walinzi limekuwa kudai zaidi, kwamba kompyuta iwe na TPM, chipu ya usalama, na Secure Boot, kinga inayokagua kinachowashwa kompyuta inapoamka. Valorant ilidai vyote viwili kwenye Windows 11 tangu 2021. Laptopu nyingi za mtumba zinazopita mezani kwangu hazina TPM ya toleo linalotakiwa. Mwenye laptopu kama hiyo hajachiti, ila hachezi.

Shinikizo la wachezaji nalo si bure. Mei 2020 gemu la Doom Eternal liliwekewa antichiti ya kerneli, watu wakalalamika, ikaondolewa ndani ya wiki chache. Tangu Oktoba 2024 duka la Steam linawataka wenye magemu waandike kwenye ukurasa wa gemu kama lina antichiti ya kerneli. Mstari mmoja tu, lakini unausoma kabla ya kulipa. Ningefurahi kuuona mstari huo kwa Kiswahili.

Laptopu ya mzee niliisafisha. Kumfungulia kijana akaunti yake kwenye Windows ile ile kusingesaidia kitu, draiva ya kerneli ni ya mashine nzima, haijali nani kaingia. Nilimpa bei ya diski ya pili, yenye Windows yake ya gemu tu, na diski ya kazi ifungwe kwa usimbaji, yaani iandikwe kwa siri inayofunguka kwa nywila tu, ili hata ikiwa ndani ya kasha moja isisomeke kutoka upande wa gemu. Mzee aliiangalia bei, akamwangalia mwanawe aliyekuwa mlangoni anachezea simu, akasema kijana atacheza huko huko kwenye vyumba vya kulipia.

Chumba alichokimaanisha nakijua, ni kile cha njia ya UDOM, na kompyuta zake nazihudumia mimi. Usiku ni gemu. Mchana ni steshenari: vijana wanajaza maombi ya mkopo wa chuo kwa Bodi ya Mikopo, wanaskani vyeti vya kuzaliwa, wanafungua barua pepe, wengine wanaingia benki. Mashine zile zile sita, akaunti moja ya Windows, antichiti mbili tofauti ndani ya kila moja. Nilimwambia mwenye chumba atenge mashine mbili zisiwekwe gemu kabisa. Akakubali kwa shingo upande, maana gemu ni Sh 1,000 kwa saa na fomu ya mkopo mtu anajaza mara moja kwa mwaka. Nikasafisha namba 5 na namba 6, nikachapa karatasi, nikaibandika ukutani kwa gundi: namba 1 hadi 4 gemu, namba 5 na 6 maombi, barua pepe na benki.

Wiki ya pili nilipita jioni. Vijana wanne walikuwa wamesimama wanasubiri zamu, karatasi ilikuwa bado ukutani, na kwenye namba 6 gemu lilikuwa asilimia 83 ya kupakuliwa.